Jinsi ya Kuwaonyesha Vijana wa Mwanza Tamthilia ya Kijerumani Kuhusu Biashara ya Watoto

Mwongozo huu unamhusu mwalimu, kiongozi wa vijana kanisani au msikitini, mjumbe wa kamati ya ulinzi wa mtoto ya mtaa, na mwenye kibanda umiza (banda la kuonyeshea video) ambaye yuko tayari kuitoa skrini yake alasiri moja kwa jambo lililo zito kuliko mpira. Mfano ninaoutumia ni sehemu ya Tatort, mfululizo wa tamthilia za upelelezi, iitwayo "Manila", iliyorushwa na televisheni ya ARD ya Ujerumani mwaka 1998, ambamo wapelelezi wawili wa jiji la Köln, Max Ballauf na Freddy Schenk, wanafuata nyayo za biashara ya watoto hadi Ufilipino. Mfululizo wenyewe ulianza tarehe 29 Novemba 1970, na kila sehemu huchukua takriban dakika 90. Naichagua sehemu hii kwa sababu waliyoyaona waigizaji walipokwenda kuirekodi yaliwagusa kiasi kwamba Klaus J. Behrendt na Dietmar Bär, walioigiza wapelelezi hao, pamoja na wenzao walianzisha chama cha Tatort – Straßen der Welt ili kuwasaidia watoto wa Kifilipino. Ukipata kwa njia halali tamthilia nyingine inayohusu jambo hilihili, utaratibu ni uleule.

Itazame kwanza peke yako, mara mbili. Mara ya kwanza utamfuata mpelelezi, kwa kuwa tamthilia imetengenezwa umfuate yeye. Mara ya pili mwache mpelelezi, umfuate mtoto: andika dakika ambayo mtu anazungumza naye au na wazazi wake kwa mara ya kwanza, anayelipa nauli, anayempokea, na anayeshika hati zake. Mpelelezi huingia kazini mtoto akiwa ameshapotea, nasi tunataka vijana wetu wajue yaliyotokea kabla ya hapo. Andika pia matukio utakayoyaruka, kwa maana hakuna sababu ya kumwonyesha kijana wa miaka 15 mateso ya mtoto mwenzake ili aamini kwamba yapo. Watoto wadogo wasiingie kabisa.

Suala la lugha linahitaji uangalifu mkubwa. Manukuu hupita haraka, na mtu aliyeketi nyuma hayasomi. Watazamaji wa vibandani wamezoea DJ anayesimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji, na njia hiyo inafaa hapa, mradi msimulizi aambiwe mapema kwamba siku hiyo hataongeza utani wala kumpa mhalifu jina la kuchekesha. Mpe maandishi ya matukio makuu, na mkubaliane jinsi ya kumtaja mtoto: ni mtoto aliyeuzwa, ni mtoto aliyedhulumiwa, na kamwe asiitwe kwa jina la aibu ambalo waliomdhulumu ndio wanaostahili kulibeba. Kama unaonyesha kijijini, Kwimba au Misungwi, weka mtu wa kuwafafanulia wazee kwa Kisukuma.

Mwone mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya utamaduni ya halmashauri kuhusu kibali cha maonyesho, kisha umwalike afisa ustawi wa jamii pamoja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto kutoka kituo cha polisi kilicho karibu. Panga maonyesho mchana ili mabinti warudi nyumbani kabla ya giza.

Wakati wa kuonyesha, simamisha picha mara tatu. Kituo cha kwanza ndicho kirefu kuliko vingine, nacho ni pale ahadi inapotolewa. Huku ziwani ahadi hiyo ina maneno yake: "Nipe mtoto nikakae naye mjini, nitamsomesha." Binti hutolewa Ukerewe au Sengerema akaletwa mjini kufanya kazi za ndani, mvulana huambiwa kuna kazi nzuri kwenye kambi za dagaa visiwani au machimboni Geita. Ahadi huvuta kama taa za wavuvi zinavyovuta dagaa usiku, na mara nyingi anayeishika taa ni mtu anayejulikana: shangazi, jirani, rafiki wa familia. Waulize vijana ni maneno gani ya namna hiyo yanayosikika mitaani kwao, lakini usimuulize mmoja mmoja kama yamemkuta.

Hapo uwe mwadilifu. Kulea mtoto wa ndugu ni desturi yetu njema, na wengi waliosoma leo walisomeshwa na mjomba au shangazi wa mjini. Ukisema kwamba kila mtoto anayeishi kwa ndugu ameuzwa, utapoteza wasikilizaji na utakuwa umesema uongo. Wape badala yake maswali ya kupimia: je, mama yake anajua nyumba anayolala? Anaweza kupiga simu nyumbani bila mwenye nyumba kusimama pembeni? Anakwenda shule aliyoahidiwa? Kama analipwa, ujira unaingia mkononi mwa nani? Akitaka kurudi kwao, kuna anayemzuia? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi tu. Nayo itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo Tanzania imeiridhia, inasema wazi kwamba kumchukua, kumsafirisha au kumpokea mtoto kwa lengo la kumnyonya ni usafirishaji haramu hata kama hakudanganywa wala kulazimishwa. Kwa hiyo kauli ya "alikuja kwa hiari yake" haimwokoi mtu. Wazazi wengi hawalijui jambo hili, na kwa maoni yangu ndilo la kurudiwa mara mbili kabla ya picha kuendelea.

Kituo cha pili ni safari. Katika tamthilia kuna ndege na viwanja vya kimataifa, na mtazamaji wa Igoma anaweza kudhani mambo hayo ni ya mbali. Mrudishe stendi ya Nyegezi, Nyamhongolo, kivuko cha Kamanga na meli zinazotoka Nansio. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inahusu pia mtoto ambaye hajavuka mpaka wowote wa nchi. Uliza kondakta, mkata tiketi au dereva wa bodaboda anaweza kuona nini: mtoto asiyejua anakokwenda, au mtu mzima anayejibu kila swali aliloulizwa mtoto.

Kituo cha tatu ni pale wapelelezi wanapofika ugenini. Eleza kwamba askari wa Köln hana mamlaka ya kumkamata mtu Manila, wala hapa Mwanza. Hutegemea polisi wa nchi husika, na mawasiliano mengine hupitia Interpol, shirika la ushirikiano wa polisi wa kimataifa. Hata hivyo, tangu mwaka 1993 sheria ya Ujerumani inaruhusu Mjerumani ashtakiwe kwao kwa kumdhulumu mtoto kingono akiwa nchi ya nje. Ndiyo maana taarifa zinazokusanywa huku zina uzito: tarehe, mahali, namba ya gari, namba ya simu, jina alilojitambulisha nalo. Zipelekwe polisi. Zikirushwa kwenye makundi ya WhatsApp, mtuhumiwa atatoroka na mtoto ataaibika.

Jiandae kwa ajili ya mtoto atakayelia, au atakayekufuata baada ya wengine kuondoka. Tenga chumba, na awepo mwanamke mwenye mafunzo ya ustawi wa jamii. Msikilize bila kumhoji kama wapelelezi wa kwenye picha, kwa kuwa kila swali la ziada humfanya arudie maumivu na linaweza kuvuruga ushahidi. Usimwahidi siri, kwa sababu hutaweza kuitunza. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Namba 116 ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo. Kama anayemlalamikia ndiye anayeishi naye, asirudishwe huko jioni hiyo kabla afisa ustawi hajaamua mahali salama pa kumpeleka. Mwanza kuna shirika la WoteSawa linalofanya kazi na watoto wafanyakazi wa nyumbani, nalo lijulishwe mapema kwamba mtakuwa na maonyesho.

Andika siku hiyohiyo yale yaliyosemwa kuhusu mitaa na stendi, bila majina ya watoto, ukabidhi nakala kwa kamati ya ulinzi wa mtoto. Baada ya juma moja, mwulize afisa ustawi ni hatua gani zimechukuliwa, na usipopata jibu, muulize tena.