Kuyeyusha na kusafisha nta jikoni kwako

Hapa Gede kila msimu wa kurina asali naona watu wakikamua masega na kuyatupa jaani, eti kazi imekwisha. Hiyo ni nta. Fundi viatu anaitaka ya kupitishia uzi, seremala anaitaka, na mwenye kutengeneza mafuta ya kupaka atakufuata mpaka nyumbani.

Kwanza yatenge. Masega mapya, meupe au ya manjano, yana nta nyingi. Yasuuze kwa maji baridi asali itoke. Yale meusi yaliyolelewa majana, yaani watoto wa nyuki, yamejaa maganda yao, na maganda hunywa nta. Hayo yaroweke usiku kucha yashibe maji kwanza. Kazi yote ngoja uifanye magharibi, maana nyuki wakinusa masega mchana utawaachia jiko lako.

Sasa maji, ambayo wengi hawayafikirii. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yamejaa chokaa. Nta ikiyeyukia humo, sehemu yake hushikana na ile chokaa ikawa uji wa kijivu usiofaa kitu. Mimi hutumia maji ya mvua niliyokinga masika. Ukikosa, kamulia ndimu au tia siki kidogo.

Sufuria iwe ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu; shaba na chuma cha kutu huiharibu nta rangi. Chagua ile ambayo haitarudi tena kwenye wali. Na kifumbu cha kuchujia tui kiache kabisa, nta haitoki kwenye ukili.

Vunja masega, yatie kwenye kipande cha kanga kuukuu, funga mdomo kwa kamba, tumbukiza kwenye maji na uweke jiwe juu kisielee. Makaa yawe machache. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo maji hayana haja ya kuchemka. Yakitokota povu litafurika, na nta ikifika kwenye makaa inawaka. Ikipita nyuzi 85 huanza kuwa nyeusi. Kusi likivuma, kinga jiko kwa bati, na usiondoke hapo hata kwa salamu. Moto ukishika sufuria, funika kwa kifuniko. Usimwagie maji, utaurusha usoni.

Matone ya manjano yataanza kupenya kwenye kanga na kupanda juu ya maji. Geuza kifuko kwa mwiko, kibonyeze, kigeuze tena. Matone yakipungua, kitoe mkiwa wawili, kila mtu na fimbo yake, mkisokote kingali moto. Hapo ndipo nta ya masega meusi inapopatikana.

Epua, funika, vika sufuria magunia mpaka asubuhi. Ikipoa upesi, taka hubaki zimenaswa ndani na nta hupasuka. Ikipoa taratibu, taka huzama, na asubuhi utakuta kipande kimeachana na ukingo wa sufuria chenyewe. Kigeuze: chini kuna tabaka la kahawia kama tope. Likwangue kwa kisu mpaka ukutane na manjano safi.

Mara ya pili yeyushia kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa cha pamba, mimina kwenye kopo ulilopaka sabuni kidogo ndani. Kama rangi bado haikuridhishi, rudia.

Siku zikipita nta itaota ukungu mweupe juu. Si kuharibika, pangusa kwa kitambaa. Kipande kidogo usikiuze: kipake ndani ya mzinga mtupu na mlangoni mwake, kundi linalotafuta makazi huvutwa na harufu hiyo. Makapi yaliyobaki kwenye kanga yaanike, yanawasha jiko vizuri kuliko karatasi.