Kumtengenezea notsi mwanafunzi asiyeona, anza na ulivyonavyo

Walimu wenzangu, kabla hujachapa chochote muulize mwanafunzi mwenyewe anaona kiasi gani, maana wengi tunaowaita wasioona wanaona kidogo, na mwenye uoni hafifu mara nyingi anahitaji herufi kubwa tu. Huyo mchapie Arial saizi 18 au 20, wino mweusi, mistari iachane, na usiweke maandishi juu ya picha. Wenye ualbino wengi mwanga unawaumiza, so karatasi ya kung'aa haifai na usimkalishe akaelekea dirisha.

Anayesoma nukta nundu (breli, maandishi ya kupapasa), skuli ikiwa na mashine ya Perkins ya kuzichapia vizuri sana, kama haina basi sleti (kibao chenye vitundu) na stailasi (kijiti chenye ncha cha kutobolea) zinatosha, ila karatasi iwe nzito kwani za daftari nukta zinalala haraka. Kila herufi inapangwa kutokana na nukta zisizozidi sita, mwalimu ukikaa nazo jioni kadhaa unazishika. Kwenye sleti unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto kwa sababu karatasi itageuzwa ndo isomwe.

Sasa michoro, na hapa ndipo tunapowaacha hawa watoto, mwenzake anaangalia ramani yeye anaambiwa "wewe sikiliza tu", inaniuma sana. Chukua kadibodi, chora Pemba peke yake, kubwa, pwani yote bandika kamba ya makumbi kwa gundi, nchi kavu paka gundi umwagie mchanga, bahari iache laini. Halafu punje tatu za choroko, Wete, Chake Chake na Mkoani, vidole vyake vitajua wenyewe kuwa miji yote mitatu iko upande wa magharibi. Usiongeze barabara wala mipaka ya wilaya, hizo zitengenezee kadibodi nyengine, vidole vinasoma kidogo kidogo na vitu vikijazana vinapotea. Ikikauka mpe mwanafunzi aipapase akwambie wapi hapaeleweki.

Wenye simu, usiwatumie picha ya ubao kwenye WhatsApp. TalkBack, ile programu ya simu za Android inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, inasoma vizuri maandishi yaliyochapwa, ile picha yako ya ubao inaweza isimwambie kitu, na PDF iliyoskaniwa ni hivyo hivyo. Andika, au rekodi sauti yako. Kwenye kompyuta ya Windows weka NVDA, nayo inasoma skrini kwa sauti, ni bure.

Na notsi zimfikie siku moja kabla ya kipindi, aje darasani keshazisoma kama wenzake.