Teksicha za jangwa kwa ajili ya gemu: anza na upepo, mchanga utafuata

Wengi tukiambiwa tutengeneze jangwa tunamwaga rangi ya machungwa ramani nzima, tunatupia noizi (madoadoa ya nasibu) kidogo, basi, afu tunashangaa mbona mandhari inaonekana kama zulia la sebuleni. Mimi nimepita huko huko. Leo nawaonyesha ninavyotengeneza teksicha, yaani picha zinazovishwa juu ya umbo la ardhi, siku hizi, na mfano wangu ni Chalbi, kule Marsabit kaskazini mwa Kenya, kwa sababu pale utapata kila kitu: ni ziwa la kale lililokauka likaacha chumvi na tope lililopasuka, kuna mchanga, na pembeni mawe meusi ya volkano. Natumia programu tatu: Blender ya 3D kutengenezea, Krita ya kuchora kusafishia na Godot, injini ya gemu, kuonjea, zote za bure, na kompyuta yangu ina RAM GB 8 tu.

Hatua ya 1: chora mshale wa upepo

Kabla hujafungua programu yoyote chukua karatasi uchore mshale. Upande ule wa Turkana na Marsabit upepo mkali unatoka kusini mashariki, tena ni upepo kweli, ndio maana wamesimika mitambo 365 ya umeme wa upepo kule Loiyangalani. Huo mshale ndio bosi wako kuanzia sasa. Vijimawimbi vya mchanga vinaukingama upepo, mchanga unajikusanya nyuma ya jiwe upande uliojificha, na tuta lenyewe linakuwa na mgongo mpole upande unaopigwa na upepo halafu upande wa pili linaporomoka kwa kama nyuzi 32 hadi 34, maana mchanga mkavu hausimami zaidi ya hapo. Ukiona tuta kwenye meshi yako (umbo la 3D) limefika nyuzi 50 usitegemee teksicha ikufichie aibu, rudi karekebishe umbo.

Hatua ya 2: piga picha

Huna haja ya kufika Marsabit. Aliye Pwani ya Kenya ana matuta ya mchanga Mambrui, na asiye na nauli ana mchanga wa ujenzi. Mchanga wangu wa kwanza ulikuwa wa jirani, kashushiwa lori anajenga banda la uani, nikamwomba ndoo mbili, nikachekecha kutoa kokoto, nikatandaza kwenye turubai nikaupepea na kipande cha boksi mpaka ukaanza kujipanga. Watu walinipita wakicheka.

Kosa nililofanya ni kupiga saa tisa alasiri jua limeshainama, kwa hiyo kila punje ikatoka na kivuli chake, na nilipoweka jua la gemu upande wa pili vivuli viwili vikawa vinagombana. Nikarudia kesho yake kukiwa na mawingu. Simu ikae sambamba na ardhi, mwanga wa kamera ufunge usijibadilishe wenyewe, na weka rula pembeni ujue vipimo. Mimi eneo la mita 2 kwa 2 nalipatia pikseli 2048 kwa 2048, na teksicha zote za ardhini nazifuatisha kipimo hicho hicho, la sivyo punje za hapa zinakuwa kubwa kama karanga na za pale kama unga. Mchanga wa ufukweni uangalie kwa jicho kali, una vipande vya kombe na matumbawe, mchezaji atahisi bahari iko karibu.

Hatua ya 3: rangi

Mchanga mkavu naanzia R 177, G 167, B 132 (nyekundu, kijani na buluu, kila moja kutoka 0 hadi 255). Utaona kama umepauka, uache hivyo hivyo, jua la gemu ndilo litauchangamsha. Chumvi usiipandishe zaidi ya 240, na jiwe jeusi usilishushe mpaka 0 maana halitapokea mwanga wowote.

Hatua ya 4: vijimawimbi

Blender, nodi (kisanduku kinachofanya hatua moja ya kazi) ya Wave Texture, chagua Bands, afu pale kwenye umbo la wimbi weka Saw (meno ya msumeno) badala ya Sine (wimbi laini). Hapa wengi wanapita bila kuangalia. Kijiwimbi cha mchanga hakina pande mbili sawa, upande wa upepo umelala na wa pili umekatika, Sine inakupa bati la kuezekea. Hakikisha ule mteremko mpole unatazama mshale wako, kisha ongeza Distortion kidogo kidogo mpaka mistari ianze kukutana na kuachana. Beki, yaani hifadhi matokeo yawe picha, kama ramani ya kimo (nyeupe ni juu, nyeusi ni chini) ya biti 16, hiyo ina ngazi 65,536, ya biti 8 ina 256 tu na utaona vidaraja kwenye mteremko kama vya shamba la milimani.

Kingo hazitaungana zenyewe. Fungua Krita bonyeza W, picha inajirudia pande zote, unapaka juu ya maungio mpaka yapotee. Kazi ya kuchosha, weka chai karibu.

Hatua ya 5: tope na chumvi

Voronoi Texture, chagua Distance to Edge, unapata vipande vyenye nyufa, ila vimenyooka mno kwa hiyo pitisha noizi kwenye kodineti (namba za mahali) kwanza. Sasa sikiliza: tope likikauka linasinyaa, ufa unaingia chini, chumvi ikikauka inaota fuwele na kingo zinanyanyuka juu. Nodi ni zile zile, unageuza tu kimo, unapata ardhi mbili tofauti kabisa. Kwenye rafnesi, yaani uso unavyotawanya mwanga, mchanga naupa 0.9 na chumvi 0.6.

Hatua ya 6: changanya

Picha moja ya RGBA (chaneli nne: nyekundu, kijani, buluu na uwazi) inabeba leya, yaani tabaka, nne: mchanga, tope, chumvi, mawe. Usichanganye kwa kufifisha tu, tumia vimo, mchanga ujaze nyufa kwanza halafu ndio ufunike kipande, utaona tofauti hapo hapo. Kwa mbali marudio yataonekana, dawa ni kusoma teksicha ile ile mara ya pili ikiwa imekuzwa kama mara sita na kuizidisha na ya kwanza kwa upole.

Hatua ya 7: onjea

Ramani za nomali (zinazoeleza uso umeelekea wapi), kimo na rafnesi zisisomwe kama rangi, kwenye Blender ni Non-Color. Weka kamera urefu wa mtu, jua lishushe karibu na upeo wa macho, tembea. Vijimawimbi vikionekana vimebonyea badala ya kuinuka, geuza chaneli ya kijani ya nomali: Godot na Blender zinasoma Y kwenda juu, Unreal, injini nyingine ya gemu, inasoma kwenda chini. Nilimaliza siku mbili nikichezea taa kabla sijalijua hilo.