Kii ya A-flati bila kapo: nyuzi tatu, freti nne

Kama unapiga gita kanisani huku Kisumu unajua venye inaendaga. Mama anasimama kule nyuma anaanzisha pambio, hajauliza mtu kii (kimo cha sauti cha wimbo) na hafai kuuliza, mpiga kinanda anatafutatafuta anampata kwa Ab (ndio A-flati), ngoma zinaingia, na wewe wa gita bado umeshika shingo ya gita unatafuta pa kuingilia. Mimi miaka ya kwanza nilikua naomba waimbaji washuke hadi G ndio nipige zile kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za mwanzo nilizozoea, na wakishuka pambio linapoa kabisa, sababu sauti ya mama imeingia chini mahali haina nguvu. Niliacha hio tabia. Sauti ndio inachagua kii, gita inafuata. Ata nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, iko hivo, nyuzi zake 8 hazina freti (vile vyuma vinagawa shingo ya gita), mpigaji anazituni hadi zikubaliane na koo lake.

Kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote kwa shingo, inasaidia, sikatai. Weka freti ya 1, piga shepu (mikao ya vidole) za G, C, D, Em na Am, utasikia Ab, Db, Eb, Fm na Bbm. Lakini mapambio yanafuatana bila kupumzika, hili likiisha lingine linaanzwa na mama mwingine kwa kii ingine, na hakuna mtu atakungojea utoe kapo. Na zile bare kubwa, kidole kimoja kimebana nyuzi zote sita, kwa kesha la usiku mzima zitakumaliza mkono. Kwa hivyo tunafanya hivi.

Hatua ya kwanza, sahau nyuzi tatu nene, hizo kazi yake anafanya mtu wa besi. Tunapiga uzi wa 3, wa 2 na wa 1 peke yake (wa 1 ni ule mwembamba wa chini kabisa). Nikiandika 5-4-4 namaanisha uzi wa 3 freti ya 5, wa 2 freti ya 4, wa 1 freti ya 4.

Hatua ya pili, kodi tatu kubwa:

Ab: 5-4-4
Db: 6-6-4
Eb: 3-4-3

Ab, kidole cha shahada kinalala juu ya uzi wa 1 na wa 2, cha kati kinashika uzi wa 3. Ukienda Db usitoe shahada! Inabaki pale pale uzi wa 1 freti ya 4, unaongeza cha pete uzi wa 3 na kile kidogo uzi wa 2. Eb nayo ni ile shepu ya D unayoijua tangu siku ya kwanza, imesogea tu juu freti moja. Sasa angalia hizo namba tena. Kati ya Ab na Db uzi wa 1 haubadiliki, kati ya Ab na Eb uzi wa 2 haubadiliki, kila ukitoka Ab ama ukirudi kuna noti moja imebaki mahali pake inaendelea kulia, na hio ndio inafanya gita isikike kama inaimba na si kama inaruka ruka. Ukisikiza vizuri gita za benga, ule muziki wa dansi wa huku kwetu, utasikia mambo yako huko juu kwa nyuzi nyembamba, vidole vinatembea kidogo sana lakini haraka.

Kaa na hizo tatu wiki nzima kama inabidi. Mapigo manne Ab, manne Db, manne Eb, rudi Ab. Pole pole, mapigo 60 kwa dakika, usiongeze spidi kama bado kuna uzi unakwaruza.

Hatua ya tatu inakuja rahisi ajabu, mimi nilipoiona nilifurahi siku mzima. Kodi za majonzi (zile zenye m) ziko hapo hapo, unahamisha uzi mmoja tu:

Fm: 5-6-4 (ni Ab, uzi wa 2 umepanda)
Bbm: 6-6-6 (ni Db, uzi wa 1 umepanda)
Cm: 5-4-3 (ni Ab, uzi wa 1 umeshuka)

Kama umeimba kwaya ya solfa hesabu hivi: do ni Ab, re Bbm, mi Cm, fa Db, so Eb, la Fm. Kodi sita, zote ziko kati ya freti ya 3 na ya 6. Jaribu Ab, Fm, Bbm, Eb, alafu rudia, mapambio mengi ya pole yatakaa hapo.

Mkono wa kulia: dole gumba uzi wa 3, shahada wa 2, cha kati wa 1, unachapa 3-2-1-2 bila kukatika hata wakati kodi inabadilika. Mkono wa kushoto ukichelewa usiungoje, endelea. Na pangusa nyuzi ukimaliza, hili joto la hapa na jasho zinashika kutu mapema sana.

Hatua ya mwisho ndio ya kanisani yenyewe. Mama akianza, usipige. Sikiza, imba do yake (noti wimbo unapotulia) kwa sauti ya chini, alafu itafute polepole kwa uzi wa 1. Ukiipata freti ya 4 hio ni Ab, shahada yako imeshafika nyumbani. Ukiipata freti ya 3 ni G, shepu zote zishuke moja. Na wakipandisha kii kwa ubeti wa mwisho, venye hupenda kufanya, unasukuma mkono mzima freti moja, shahada inaingia ya 5, uko kwa A na mama hajui kama ulihama.