Ukurasa Unaofuata Mipangilio ya Simu ya Mtumiaji

Shangazi yangu anauza mahamri na viazi karai Majengo. Nilimtengenezea ukurasa wa kupokea oda, nikajiona fundi. "Mwanangu, hapa naona sisimizi tu," akaniambia. Maandishi ya simu alikuwa ameshayakuza zamani. Ukurasa wangu ndio uliokuwa umeziba masikio.

Hatua ya 1. Kuza fonti kwenye mipangilio ya simu (kuanzia Android 14 hufika asilimia 200), kisha ufungue ukurasa wako.

Hatua ya 2. Kagua mstari wa viewport, ule wa juu kwenye msimbo wa ukurasa unaoiambia simu iuonyeshe kwa upana na ukuzaji gani. Hapa nilikesha hadi adhana ya alfajiri. Kiolezo nilichonakili kilikuwa na user-scalable=no na maximum-scale=1, maneno yanayomzuia mtu kukuza ukurasa kwa vidole viwili. Kilichonipoteza ni iPhone ya jirani: kule ukurasa ulikuzika vizuri, kwa sababu Safari hupuuza zuio hilo tangu iOS 10 ya mwaka 2016. Chrome ya Android hulitii, isipokuwa mwenye simu awe amelizima kwenye mipangilio ya Chrome yenyewe. Basi nikapekua CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) usiku kucha nikitafuta kosa lisilokuwepo. Jaribu kwenye simu kama ya mteja wako, si ya jirani. Bakisha width=device-width, initial-scale=1 tu. Ukishafuta, tazama msimbo wa ukurasa uliopakiwa, si faili lako: kwangu programu-jalizi moja ilikuwa ikiurudisha mstari ule kimyakimya.

Hatua ya 3. Pima maandishi kwa rem, kipimo kinachofuata fonti ya msingi, si piseli. Kwa kawaida 1rem ni piseli 16, na hukua mtu akibadilisha fonti ya msingi ya kivinjari. Vitufe vipe min-height (kimo cha chini, kinachoweza kuongezeka) badala ya height (kimo kisichobadilika). Changu cha "Agiza" kilikatwa kichwa.

Hatua ya 4. Kwenye CSS, ongeza masharti ya prefers-color-scheme kwa hali ya giza na prefers-reduced-motion kwa wanaosumbuliwa na vitu vinavyorukaruka. Ukurasa utajibadilisha wenyewe. Vile vitufe vya "A+" vya kukuzia maandishi vinavyobandikwa pembeni sivitaki kabisa. Mtu ameshaiambia simu yake mara moja, aiambie na kila tovuti?

Hatua ya 5. Mrudishie mwenyewe aujaribu, nawe unyamaze.

Shangazi aliusoma wote, taratibu. "Sasa naona. Na bei ya viazi umeikosea."