Namna ya Kupima Mwelekeo wa Mvua Kubwa na Joto Kali Mtwara na Lindi

Tafuta vipimo vya kila siku vya kituo kimoja, misimu 30 mfululizo, tuseme Julai 1991 hadi Juni 2021. Huombwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Jumla za mwezi hazitoshi: milimita 120 za siku moja hukata barabara, lakini zikigawanyika siku kumi na mbili huotesha ufuta vizuri.

Anza kwa kusafisha daftari, maana makosa mengi yamo humo. Nafasi tupu si sifuri. Mara nyingi siku iliyokosekana ndiyo ya dhoruba yenyewe, kipimamvua kimefurika au msomaji ameshindwa kufika. Kagua hasa mwishoni mwa Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipopita karibu nasi. Siku zilizokosekana zikizidi 3 kwa mwezi, uache mwezi huo. Zikizidi 15 kwa mwaka, uache mwaka. Angalia pia Jumatatu zenye mvua nyingi baada ya Jumamosi na Jumapili zenye sifuri. Hapo maji ya siku tatu yamesomwa kwa mkupuo, na ukiyaacha yatahesabiwa kama mvua kubwa ya siku moja.

Mwaka uuhesabu kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni. Huku kusini msimu huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, kwa hiyo ukifuata kalenda ya Januari unaukata msimu mmoja vipande viwili.

Kwa kila msimu andika: mvua kubwa kuliko zote ya siku moja, idadi ya siku zilizofika milimita 20, na mfululizo mrefu wa siku kavu, yaani zenye chini ya milimita 1. Huu wa mwisho uhesabu Desemba hadi Machi tu. Ukihesabu mwaka mzima utapata urefu wa kiangazi, wakati mkulima anataka kujua mahindi yalikaa siku ngapi bila maji. Kwa ajili ya korosho ongeza siku za mvua za Julai hadi Septemba, mikorosho inapochanua.

Kwa joto, usichukue kizingiti kimoja kama nyuzi 35. Bahari hulituliza joto la mchana. Tafuta kwa kila mwezi kiwango kinachozidiwa na siku 10 tu katika kila 100, kisha hesabu siku zilizokivuka. Fanya hivyo hivyo kwa joto la chini kabisa la kila usiku, kwani usiku wa joto husahaulika sana.

Sasa mwelekeo. Usitegemee mstari wa kawaida wa Excel, kwa sababu mwaka mmoja wa kimbunga ukiwa mwishoni huuinua wote. Linganisha kila msimu na kila msimu uliofuata: misimu 30 hutoa jozi 435. Gawanya tofauti ya kila jozi kwa miaka iliyo kati yake, panga majibu kwa ukubwa; la 218, lililo katikati, ndilo badiliko la kwa mwaka. Kisha toa jozi zilizoshuka kwenye zilizopanda. Zikiwa 273 zilizopanda na 162 zilizoshuka, tofauti ni 111, na hapo ndipo mwelekeo huanza kuaminika kwa asilimia 95. Tofauti isipofika hapo, iwe ya kupanda au ya kushuka, andika kwamba mwelekeo haujathibitika.

Ukiona namba zimeruka ghafla mwaka mmoja, linganisha jumla za msimu na kituo jirani, kama Naliendele kwa Mtwara mjini. Jirani asiporuka, uliza kama kipimo kilihamishwa au mwembe ulikua pembeni yake.