Spana kuukuu: achana na kutu, tazama mdomo

Kijana aliyekuja gereji kwangu Uyole, Mbeya, kujifunza ufundi alikuja na boksi jipya la spana, zinang'aa kama sahani za harusi. Siku ya tatu tulikuwa chini ya Fuso, akaikaza namba 17 kwenye bolti iliyoshika kutu, akavuta, mdomo ukatanuka. Nikampa 17 yangu, nyeusi, maandishi yamefutika nusu, niliyoirithi kwa mjomba aliyekuwa akitengeneza Bedford. Bolti ikalia mara moja ikaachia. Tangu siku hiyo ananiuliza zinapatikana wapi za namna ile.

Zinapatikana soko la Mwanjelwa, chini, juu ya turubai, zimechanganywa na minyororo ya baiskeli na vitasa. Ila usiende mikono mitupu. Mimi hubeba nati mpya tatu mfukoni: ya 10, ya 14 na ya 17. Ivalishe spana kwenye nati, uizungushe. Kucheza kidogo si neno. Ikizunguka mpaka unaona pembe za nati zinataka kuiponyoka, irudishe kwenye turubai hata kama muuzaji anakuita bosi. Kisha itazame spana kwa ubavu kwenye mwanga: kingo mbili za mdomo ziwe sambamba. Zikifunguka kuelekea nje, hiyo imeshavutwa kwa bomba la kurefusha mkia, imekwisha. Iliyochomelewa shingo usiiguse kabisa. Ukikuta imepigwa chapa ya Chrome Vanadium, yaani chuma kigumu cha mchanganyiko, ni dalili nzuri, lakini chapa hata bati linapigwa. Nati ndiyo shahidi.

Soma namba kwa makini. Spana nyingi za zamani ni za inchi. Ya 3/4 inaingia kwenye 19 bila shida, maana ni milimita 19.05. Lakini 1/2 ni milimita 12.7, ukiilazimisha kwenye 13 haiingii, na ukitumia 13 kwenye nati ya 1/2, utaila pembe. Zipo pia zilizoandikwa W au BS, za Uingereza ya kale. Namba yake ni ya unene wa bolti, si upana wa kichwa, kwa hiyo 1/4 W ni kubwa kuliko 1/4 ya kawaida. Watu wanazitupa wakidhani mbovu. Mwenye Land Rover ya zamani atakulipa vizuri kwa hizo.

Sasa kutu. Huku kwetu Juni na Julai asubuhi chuma kinatoa jasho, ukilaza spana sakafuni inaamka nyekundu. Osha mafuta kwanza kwa dizeli na brashi, maana siki haipiti kwenye grisi. Kisha zilaze kwenye ndoo ya plastiki, siki izifunike, usiku mmoja. Usiziache wiki, siki haijui pa kuishia, itaanza kula chuma chenyewe. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi ili ukali ufe, kausha papo hapo, pakaa oili safi. Narudia, safi. Oili chafu ya injini ina asidi na masizi, na si kitu cha kushika kwa ngozi kila siku. Wapo wanaochoma kutu kwa moto wa makaa. Chuma kikiwa chekundu ugumu wake umeondoka, utabaki na spana ya kukunja kama mshumaa.

Ukiwa na wasiwasi wa ufa, hasa kwenye spana ya boksi, ile inayofunika nati kama kikombe, ilaze kwenye mafuta ya taa nusu saa, ifute ikauke kabisa, halafu ipake chaki ya shuleni. Subiri kidogo. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Spana ya boksi yenye mstari huo inapasukia mkononi.

Tindo ndiyo iliyonitia alama. Kichwa cha tindo kikipigwa miaka kinachanua kama uyoga, na siku moja kipande cha uyoga huo kikaruka kikaingia mkononi mwangu, juu kidogo ya kifundo. Kipo mpaka leo. Kwa hiyo kila tindo inayoingia gereji yangu hunolewa kwanza kichwani, uyoga wote uondoke, kingo zilale kidogo. Kwenye makali saga polepole, chovya maji kila mara. Ukiona rangi ya bluu umechelewa, pale pamelainika. Na miwani uvae, usijifanye mwanaume.

Nyundo yenye mpini unaocheza haifungwi kwa mpira wa tairi. Chonga mpini mpya. Mpera mkavu unafaa sana. Tupa, ile ya kusagia chuma kwa mkono, usiipake oili, itateleza. Ipitishie brashi ya waya kufuata meno, kisha isugue na chaki, unga wa chuma hautaganda tena. Wakati wa kurudisha mkono inyanyue, inakata ikisukumwa mbele tu.

Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, ikae upande wake: mdomo usiosogea ndio ubebe nguvu, ule wa kusogea uwe upande unaovutia. Ukigeuza, skrubu ndogo ndani ndiyo inayoumia, na spea yake huipati.

Zilizokufa sizitupi. Ile 17 ya kijana tuliikata, tukaikunja shingo, sasa inafikia nati moja iliyojificha nyuma ya stata ambayo spana nzima haifiki. Zangu zote nimezikata alama mbili kwa msumeno wa chuma karibu na mkia, kwa sababu rangi hufutwa. Jioni kabla ya kufunga nazipanga juu ya gunia na kuhesabu. Juzi ilipungua 12. Ilikuwa juu ya betri ya Noah iliyokwisha kuondoka kwenda Tukuyu.